Kibla ya Mbwera na Nyota za Kaskazini

Dada zetu wapenzi, nyinyi mabibi harusi watarajiwa mlituandikia wiki hii mkiuliza mambo ya vyumba na mapazia. Mapazia yatakuja, in shaa Allah. Leo tuna kisa, na kisa chenyewe kinatuaibisha kidogo, ndiyo maana tumekaa nacho muda mrefu kabla ya kukiandika.

Mwaka juzi, mwanzoni mwa Mei, tulialikwa harusi Mbwera. Kwa asiyepajua, Mbwera ni ndani ya delta ya Rufiji, upande wa Kibiti, mahali ambapo mto unajigawa mikono mingi kabla ya kuingia baharini na njia kuu ni maji. Sisi wa kisiwani tulivuka kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, tukasubiri maji yajae, kisha tukapanda mashua ya mashine pamoja na magunia ya mchele, kreti za soda na masanduku mawili ya bi harusi yaliyofunikwa turubai. Mvua za masika zilikuwa zinakaribia kwisha. Tulifika tumelowa lakini tumefika, alhamdulillah.

Usiku ule baada ya mapishi tulitandika mikeka uani tuswali Isha. Kila mmoja wetu alikuwa na simu, na simu zina dira ya kibla. Aliyekuwa na chaji alitoa yake kwenye mkoba, mshale ukageuka ukatulia, nasi tukajipanga safu tukaswali. Tulipotoa salamu tukamkuta bibi wa nyumba ile amesimama nyuma yetu na ndoo yake ya maji, anatutazama bila kusema. Kisha akasema taratibu, "Wanangu, huko mlikoelekea si kwenu Mafia?"

Ni kweli. Mafia iko mashariki ya delta, na sisi wanawake saba tuliosoma tulikuwa tumeipa kibla mabavu. Kosa lilikuwa la mfuniko wa simu wenye sumaku, ule unaojibana wenyewe. Sumaku ile ilikuwa imeivuta dira itakavyo. Bibi hakujua habari za sumaku wala hakuzihitaji. Mawingu yalikuwa yamefunguka, akanyoosha mkono juu ya mikoko ya ng'ambo ya mkono wa mto, akatuonyesha nyota saba zilizokaa kama kata iliyopinduliwa inamwaga maji. "Zile mbili za ukingoni," akasema, "zikisimama moja juu ya mwenzake, shusha mkono chini mpaka ardhini. Hapo ndipo." Mume wake, Allah amrehemu, alikuwa baharia wa jahazi la boriti. Alimfundisha walipokuwa wachanga wa ndoa, maana yeye alikuwa akilala shambani kwenye dungu kulinda mpunga usiliwe na nguruwe, na kule hakukuwa na msikiti wa kumwonyesha upande.

Tuliirudia swala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, mtu akijua kwa yakini kwamba alikosea kibla, hurudia. Lakini wengine kati yetu tulirudi kisiwani na swali lililokataa kutoka: yule bibi alikuwa amerithi nini hasa, na kwa nini sisi hatukurithi?

Tuanze na jambo ambalo ramani inaonyesha na watu hawaliangalii. Makka iko karibu na longitudo 39.8 mashariki. Delta ya Rufiji iko karibu na longitudo 39.4. Maana yake, mtu wa Mbwera anayeelekea Makka anaelekea kaskazini, anapinda kuelekea mashariki kwa kadiri ndogo kuliko nyuzi moja, kadiri ambayo jicho haliwezi kuiona. Unguja ni hivyo hivyo, na sisi wa Mafia hatuna tofauti ya kusema. Duniani hii ni bahati adimu. Dada yako aliyeko Uingereza anaelekea kusini mashariki, wa Marekani ya mashariki anaelekea kaskazini mashariki na anabishana na majirani, wa India anaelekea magharibi. Sisi wa pwani hii kibla chetu na kaskazini ni kitu kimoja, na lugha imekiri hivyo: wazee wengi wanaposema upepo unatoka kibla, wanamaanisha unatoka kaskazini. Hata makaburi yetu yanashuhudia. Yamelazwa mashariki na magharibi, kichwa mashariki, ili maiti akilazwa ubavu wa kulia uso wake uelekee kaskazini.

Kwa hiyo kwa wanawake wa pwani, nyota za kaskazini si mapambo. Ni kibla iliyoandikwa juu. Na kaskazini ile ile ndiko walikotoka majahazi.

Hapo lazima tuingie kwenye biashara ya boriti, maana bila boriti Mbwera isingejulikana Kuwait. Mikoko ya delta ya Rufiji ndiyo mikubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki kwa msitu mmoja ulioungana, kiasi cha hekta elfu hamsini. Miti yake ni migumu, haipendi kuliwa na mchwa, na Waarabu wa nchi zisizo na misitu waliitafuta kwa karne nyingi. Ukiingia nyumba ya kale ya mawe Unguja, Lamu au Pate, tazama dari: vile vigogo vilivyopangwa sambamba ni boriti za mikoko. Vyumba vile ni vyembamba na virefu kwa sababu fundi hakuweza kupata boriti ndefu kuliko urefu uliotolewa na mkoko, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Bi harusi aliyekaa kwenye chumba cha namna hiyo alikuwa amelala chini ya miti ya delta. Ushirika huu tunaupenda kuutaja kwa sababu watu wa mjini huzungumza habari za Rufiji kana kwamba ni nchi ya mbali.

Wajerumani walipoingia waliona thamani ya mikoko, wakaitangaza hifadhi ya msitu mwaka 1898. (Na katika vita vyao vya kwanza manowari yao Königsberg ilijificha humo humo ndani ya mikono ya mto, hadi ilipozamishwa Julai 1915. Delta inaficha hata chuma cha ukubwa ule.) Majahazi yaliendelea kuja. Mwaka 1939 baharia na mwandishi wa Australia, Alan Villiers, aliingia delta hii akiwa ndani ya jahazi la Kuwait lililokuja kupakia boriti, akaandika kitabu cha safari ile kilichotoka mwaka 1940. Wakati ule mafuta ya Kuwait yalikuwa yamegunduliwa mwaka mmoja tu kabla. Baada ya vita mafuta yalipoanza kuuzwa, mabaharia wakapata kazi nchi kavu, saruji na chuma vikachukua nafasi ya boriti, na mwendo ule ukapungua mpaka ukawa hadithi za wazee.

Majahazi yalikuja na kaskazi, kuanzia Novemba na Desemba, yakirudi na kusi, kuanzia Aprili na Mei. Hilo kila mtoto wa pwani analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba mbingu ya kaskazini ilikuwa na alama mbili za milango hiyo miwili, nazo zinaonekana hadi leo kwa macho matupu.

Alama ya kuondoka ni zile nyota saba za bibi. Wazungu wanaziweka ndani ya kundinyota la Dubu Mkubwa, wengine wanaona jembe, wengine kata ya kuchotea maji. Waarabu waliziita Banat Na'sh, yaani mabinti wa jeneza. Nyota nne za bakuli ni jeneza, na nyota tatu za mpini ni mabinti wa marehemu wanaolifuata. Tumeliwaza sana jina hili. Kwetu wanawake hatufuati jeneza hadi makaburini. Tunabaki nyumbani, tunasikia takbira zikienda mbali. Hawa mabinti watatu juu ya Mbwera wanalifuata kila usiku bila mtu wa kuwarudisha. Binti wa mwisho kabisa, anayefunga msafara, anaitwa Alkaid katika vitabu vya Wazungu hadi leo, na neno lenyewe ni la Kiarabu, al-qa'id, kiongozi. Binti wa katikati, ukimtazama vizuri, ana nyota ndogo mno ubavuni mwake ambayo Waarabu waliiita Suha na kuitumia kupimia macho. Bibi wa Mbwera alituuliza nani anaiona. Wawili kati ya saba waliiona. Mmoja wao amevaa miwani tangu darasa la nne, kwa hiyo tunashuku alisema ndiyo kwa adabu.

Mwishoni mwa Aprili, saa tatu usiku, zile nyota mbili za ukingo wa bakuli, zinazoitwa Dubhe na Merak, zinasimama wima upande wa kaskazini. Merak iko juu, Dubhe iko chini yake, bakuli limepinduliwa na mpini umeelekea kulia, upande wa mashariki. Dubhe inakuwa juu ya upeo kiasi cha ngumi mbili ukinyoosha mkono mbele ya uso. Mwezi ukipita, zinasimama mapema kwa saa mbili: mwishoni mwa Mei ni saa moja usiku, mara tu giza linapoingia. Ukirudi nyuma, mwishoni mwa Machi ni saa tano. Kwa hiyo nahodha aliyekuwa amemaliza kupakia boriti na kungoja kusi litulie, akitazama juu baada ya Isha, alikuwa anaona mshale mkubwa umesimama juu ya njia ya kwao.

Sasa hapa tuwe waangalifu, dada zetu, kwa sababu karibu kila mafundisho ya nyota utakayokutana nayo yameandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Watakuambia: fuata mstari kutoka Merak kwenda Dubhe, uendelee mara tano ya nafasi iliyo kati yao, utaikuta nyota ya kaskazini, ile ambayo mabaharia wetu waliiita Jaa. Ukiwa Mbwera hutaikuta. Ukishusha mstari huo kutoka Dubhe, kabla hata hujafika mara nne umeshagonga mikoko. Jaa iko chini ya ardhi, kwa sababu sisi tuko kusini ya Ikweta kiasi cha nyuzi nane, na nyota hiyo iko juu ya ncha ya kaskazini ya dunia. Haijawahi kuonekana kutoka delta katika maisha ya mtu yeyote aliye hai, wala ya babu zake. Hata hivyo jaa katika Kiswahili cha mabaharia ni jina la upande wa kaskazini. Watu waliuita upande kwa jina la nyota ambayo kwao haichomozi, kwa sababu waliipata safarini.

Fikiria safari yenyewe. Jahazi linatoka mlangoni mwa mto, linapita Unguja, Mombasa, Lamu. Likivuka Ikweta na kuendelea, usiku mmoja Jaa inajitokeza juu ya maji, dhaifu, ndani ya ukungu wa upeo. Kila usiku inapanda kidogo. Mabaharia waliipima kwa vidole. Kidole kimoja, isba' kwa Kiarabu, kilikuwa sehemu moja ya 224 ya duara zima, yaani nyuzi moja na nusu na kidogo. Walikuwa na kibao kidogo cha mti chenye uzi uliotiwa mafundo, kinaitwa kamal. Nahodha anaubana uzi kwa meno, anakisogeza kibao mpaka ukingo wa chini uguse bahari na ukingo wa juu uguse nyota. Bandari ina fundo lake. Jaa ikikaa sawasawa kwenye fundo la nyumbani, wanajua wamefika usawa wa nyumbani, kilichobaki ni kugeuka na kulifuata pwani. Tunapenda kuwaza kwamba mke wa Sur au Kuwait alikuwa na fundo lake kwenye uzi wa mumewe bila kujua.

Na huku kusini, Jaa ikiwa imezama, walifanya nini? Walipima nyota nyingine za kaskazini. Kwanza zile mbili zinazoitwa al-Farqadan, ndama wawili, walio karibu na Jaa. Kutoka Mbwera zinaonekana mwishoni mwa Juni saa tatu usiku, ngumi moja tu juu ya upeo, kama macho mawili yanayochungulia juu ya mikoko. Halafu wakapima Na'sh yenyewe, wale mabinti wa jeneza. Bingwa wa elimu hii, Ahmad ibn Majid wa Julfar, ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliandika kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari karibu na mwaka 1490, na akatunga pia shairi refu la njia ya pwani yetu hadi Sofala. Humo Kilwa imetajwa, na Kilwa ni jirani wa kusini wa delta hii. Mtu aliyepita huko alipita mbele ya Rufiji.

Mtasikia mara nyingi kwamba Ibn Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498, na wengine wanamlaumu kwa hilo kana kwamba alifungua mlango wa nyumba usiku. Sisi hatuiamini. Maelezo ya Wareno wenyewe yanamtaja rubani Mwislamu wa Gujarati, na habari ya Ibn Majid ililetwa na mwanahistoria wa Makka miongo mingi baadaye. Mzee wa watu tumpumzishe.

Alama ya pili, ya kuja, tumeipenda zaidi, na nyinyi mabibi harusi mtaipenda. Mwishoni mwa Novemba, saa tatu usiku, mawingu ya vuli yakiruhusu, tazama kaskazini, ngumi mbili na kidogo juu ya upeo. Utaona nyota tano zilizokaa kama herufi M iliyolegea. Mabaharia wa Kiarabu waliiita an-Naqa, ngamia jike. Lakini wanavyuoni wa nyota waliiita Dhat al-Kursi, yaani mwanamke mwenye kiti. Ni mwanamke amekaa kitini, kaonyeshwa watu, hana la kufanya ila kukaa. Kama kuna nyota za bi harusi siku ya kuonyeshwa, ni hizi. Na msimu wake ndio ule ambao majahazi ya kaskazi yalikuwa yakitia nanga na tende, chumvi, mazulia na masanduku, yale masanduku ya misumari ya shaba ambayo kila mama wa pwani alitaka binti yake aolewe nalo.

Mwenye Kiti na Mabinti wa Jeneza wamekaa pande mbili za ncha ya kaskazini, karibu wakabiliane. Mmoja akiwa juu, mwenzake yuko chini ya ardhi. Ndiyo maana kutoka Mbwera huwezi kuwaona wote wawili wamesimama vizuri kwa pamoja. Mmoja anashuka ndipo mwingine apande. Kati yao mwaka una wasindikizaji wengine wa kaskazini. Mwishoni mwa Januari ni nyota moja kali ya manjano, al-Ayyuq, ngumi tatu na nusu juu ya upeo. Kuanzia nusu ya pili ya Agosti ni an-Nasr al-Waqi', nyeupe yenye ubluu, ambayo jina lake la Kizungu, Vega, limetoka kwenye neno hilo hilo waqi'. Hizo mbili zinapofika kilele cha njia yake angani ziko kaskazini hasa. Majina haya yote, pamoja na Jaa, Farqadan, Na'sh na Naqa, yalikuwa ni majina ya pande katika dira ya mabaharia, iliyogawanywa pande 32 kwa mahali nyota zinapochomoza na kuzama. Dira ya kwanza ya bahari hii ilikuwa mbingu, ya sumaku ikafuata ikichukua majina yake.

Sasa, tulipotafuta wanawake katika historia hii tulipata kidogo, na tunasema hivyo wazi. Mtandaoni anatajwa sana Maryam wa Aleppo, aliyetengeneza asturlabu katika karne ya 10. Mwanamke huyo alikuwepo: Ibn al-Nadim, katika orodha yake ya vitabu na wanavyuoni, amemtaja binti wa al-Ijli aliyekuwa kwa mtawala Sayf al-Dawla na kujifunza ufundi huo. Lakini jina la Maryam hakulitaja, wala zile ajabu zote wanazomrundikia siku hizi. Anatosha alivyo. Alikuwa fundi wa chombo cha kupimia nyota, na jina la baba yake ndilo lililobaki.

Ila elimu ya wanawake wa delta haikuandikwa na mtu. Ilikuwa ya mashamba. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho Waarabu wanakiita Thurayya, jina lake lenyewe linatokana na kulima. Novemba kinapochomoza mashariki mwanzo wa usiku, wakulima wa mpunga wanajua kazi imefika. Mwanzoni mwa Mei kinazama pamoja na jua na kupotea, kisha Juni kinarudi alfajiri upande wa mashariki, na wazee wanasema kikizama katika mvua kitarudi na jua, na kikizama katika jua kitarudi na mvua. Mwanamke aliyekaa kwenye dungu miezi mitatu alijua nyota kuliko mumewe aliyekuwa mjini. Hakuna aliyemwita mwanafalaki.

Neno falaki lenyewe limeharibika kwetu, na lazima tuligusie, maana mabibi harusi wengi wamekutana nalo. Kuna falaki ya kupima, hii tuliyoizungumza. Na kuna kupiga falaki, ambapo mtu anahesabu herufi za jina lako na la mama yako, anapata burji yako kati ya kumi na mbili, Hamali au Akarabu au Mizani, kisha anasema nyota zenu mnaoana zimepatana au zimegombana. Wachumba wameachanishwa kwa hesabu hiyo. Harusi zimeahirishwa kwa sababu mwezi umo katika Akarabu, huku pilau imeshaagizwa. Qur'ani imetaja nyota kuwa za kuongokea katika giza la bara na bahari, katika Sura al-An'am aya ya 97, na tena kwa ufupi katika an-Nahl aya ya 16. Njia ndiyo iliyotajwa. Na hadithi iliyo katika Bukhari na Muslim inakataza hata kusema mvua imeletwa na nyota fulani. Basi mume ataletwaje nayo? Ndiyo maana tunaposema habari za Kilimia tunasema kinaonyesha msimu, na msimu ni wa Mwenyezi Mungu.

Wapo masheikh wenye wasiwasi kwamba kuwafundisha wasichana nyota ni kufungua mlango wa upigaji ramli. Tunawaheshimu, lakini tunaona mlango huo umefunguka zaidi kwa kutojua. Anayejua kwamba Mabinti wa Jeneza wanapita kaskazini Aprili hii kama Aprili ya bibi yake, saa ile ile, hatishiki kirahisi na mtu anayemwambia nyota yake imechafuka mwezi huu.

Turudi kwa bi harusi wa Mbwera. Usiku wa pili, walipokuwa wanamwandaa, somo wake alikuwa anamweleza mambo yake, tukaambiwa tutoke. Tulipokuwa tunatoka tulimsikia bibi akimwuliza mjukuu wake, "Na kibla ya chumba chake unaijua?" Msichana hakujua. Alikuwa anaolewa kijiji cha ng'ambo, nyumba mpya ya bati, hajawahi kuingia. Na kuna zile rakaa mbili ambazo wengi wanapenda mume na mke waziswali pamoja usiku wa kwanza. Nani angemwonyesha upande? Angemwuliza bwana harusi, bila shaka, na bwana harusi angetoa simu.

Bibi alimtoa nje na hina ikiwa bado haijakauka, mikono imeinuliwa kama mtu anayejisalimisha, wakasimama ukingoni mwa maji. Sisi tulibaki nyuma. Tuliona mkono wa bibi ukipanda na kushuka, mara moja, mara mbili, na kichwa cha msichana kikifuata.

Kwa wale wanaotaka kuanza: chagueni usiku usio na mbalamwezi, mahali ambapo kaskazini hakuna mti wa karibu wala taa. Mwishoni mwa Aprili hadi Mei mna msaada wa ziada, kwa sababu Msalaba wa Kusini unasimama upande wa kusini karibu na saa ile ile ambayo kata inasimama kaskazini. Upe Msalaba mgongo, kata itakuwa mbele ya uso. Msihukumu kwa mstari wa Dubhe na Merak ukiwa umelala upande, kwa maana Februari kata ikiwa inachomoza mstari huo utawapeleka mashariki ya kaskazini. Ngojeni usimame. Na kwa mchana: tarehe 28 Mei saa 6 na dakika 18, na tarehe 16 Julai saa 6 na dakika 27, jua linakuwa juu ya Kaaba sawasawa, na saa za Makka ni sawa na za kwetu. Simamisha kijiti wima uani wakati huo. Kivuli kitaanguka kusini, na kibla ni upande wa pili wake. Chora mstari sakafuni kwa chaki kabla ya fundi kuweka vigae.

Simu zetu tumezitoa mifuniko ya sumaku. Na yule bi harusi alitutumia ujumbe baada ya wiki moja: kitanda kilikuwa kimezuia ukuta wa kaskazini, wamekihamisha.